Io ya ukutani: shajara ya picha moja, Tororo

10 Januari

Nimekuwa nikihangaika na picha za Juno, chombo cha NASA (shirika la anga la Marekani) kilichotumwa kwenye sayari ya Mshtarii, karibu mwaka mzima, usiku nikishafunga studio, bila kuandika lolote. Sasa nikifungua faili la zamani sikumbuki nilifika wapi, wala kwa nini rangi imekaa vile. Safari hii naandika kila hatua.

Kazi ni picha moja tu. Ni ya Io, mwezi wa Mshtarii, iliyopigwa tarehe 30 Desemba 2023 siku Juno ilipopita kama kilomita 1,500 juu ya uso wake. Nataka niitoe kwenye data ghafi mpaka kwenye karatasi, kwa rangi ambayo jicho la mtu lingeiona kama angekuwa pale anachungulia. Nitaitundika hapa studio, Tororo, mashariki mwa Uganda, kwenye msumari wa kalenda.

Ninang'ang'ania rangi kwa sababu ya kazi yangu ya mchana. Napiga picha za pasipoti, za vitambulisho vya shule, za harusi zikipatikana. Neno ninalolisikia kuliko yote ni "fundi, ning'arishe kidogo." Basi namng'arisha, mtu na hela yake, na kila mara naiona sura niliyoipiga mwenyewe, sura nzuri ya mtu wa hapa, ikigeuka rangi ya majivu. Miaka 14 sasa. Nataka kwenye ukuta huu iwepo picha moja ambayo sikuisogeza rangi ili kumpendeza mtu.

11 Januari

Faili limeshuka saa nane usiku, kwa bando la usiku. Jina lake linaanza na JNCE_2023364_57C: siku ya 364 ya mwaka 2023, mpito wa 57 wa Juno karibu na Mshtarii, na hiyo C ni ya rangi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Picha ghafi za JunoCam, kamera ya Juno, huwekwa wazi kwa kila mtu, kwa sababu kamera hiyo ilipakiwa kwa ajili ya umma tangu mwanzo, na timu yake ni ndogo. Watu wa kawaida ndio wamezichakata nyingi kati ya zile zinazosifiwa duniani.

Nilimwita mpwa wangu aitazame. Yuko likizo, na kati yetu wawili yeye ndiye anayejua kuandika programu. Akakodoa macho, akasema, "Mjomba, hii imeharibika."

Haijaharibika. Juno inazunguka kama pia, mara 2 kwa dakika, na kamera imefungwa ubavuni mwake, kwa hiyo haiwezi kutulia ikapiga kama mimi ninavyopiga mteja aliyekaa kwenye stuli. Juu ya kihisi cha kamera zimebandikwa filta nyembamba: buluu, kijani, nyekundu, na ya nne ya methani. Chombo kikizunguka, kamera inanasa vipande, kila kipande pikseli 1,648 kwa upana na mistari 128 kwa kimo. Kwenye faili vimepangwa buluu, kijani, nyekundu, kisha tena buluu, kijani, nyekundu, hadi chini. Ukiifungua mara ya kwanza unaona mwezi uleule umekatwakatwa na kurudiwa, kama unautazama kupitia vioo vya dirisha la luva.

Na kweli kidogo tu ingeharibika. Mionzi ya Mshtarii ni mikali mno, na kamera hii ilitengenezwa idumu mizunguko 8 ya kwanza. Ilipofika mzunguko wa 47 ilianza kuonyesha majeraha, na kwenye wa 56 karibu kila picha ilikuwa imejaa chenga na mistari. Huku Io ikikaribia, wahandisi waliwasha hita ya kamera kwa nguvu zake zote, wakitumaini kwamba joto litatuliza kasoro zilizoingia ndani ya vifaa vyake vya elektroniki. Siku za kwanza hakukuwa na nafuu kubwa. Halafu, zikiwa zimebaki siku chache tu, picha zikaanza kusafika. Faili lililoshuka jana usiku ni la kamera iliyotoka kuugua. Nalishika kwa adabu.

18 Januari

Nimejaribu kushona vipande kwa mkono kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Nilitoa vya buluu peke yake, nikavipanga kimoja juu ya kingine vikipishana kidogo, kisha kijani, kisha nyekundu. Kutoka fremu moja hadi inayofuata chombo kinakuwa kimegeuka kiasi cha mistari 115 hivi, kwa hiyo kati ya mistari 128 inabaki 13 ya kupishanisha.

Siku nzima imekwisha hapo. Katikati ya diski mambo ni mazuri, lakini ukingoni kuna ngazi, kila kipande kimetokeza kidogo kuliko mwenzake, na Io inaonekana kama imechongwa kwa panga. Mkono hauwezi. Wakati kamera inanasa vipande, Juno yenyewe inakimbia, kwa hiyo kipande cha kwanza na cha mwisho havikupigwa kutoka mahali pamoja. Tena lenzi inapinda kingo. Lazima tuingie kwenye hesabu.

25 Januari

Stima imekatika tangu Alhamisi. Hakuna kilichofanyika.

1 Februari

Juma hili lilikuwa la mpwa wangu, na nataka liandikwe vizuri.

NASA ina ofisi inayotunza mafaili yanayoeleza chombo kilikuwa wapi, kimeelekea wapi na kila kifaa chake kimefungwaje, sekunde kwa sekunde. Tumeyapakua ya Juno ya siku ile, na kijana akaandika programu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, inayouliza swali moja mara milioni kadhaa: pikseli hii, kwa wakati huu, ilikuwa inatazama sehemu gani ya Io? Jibu likipatikana, pikseli inawekwa mahali pake kwenye tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 1,821.

Tulipoiendesha mara ya kwanza, hesabu ilichora duara la Io mahali pamoja na picha ikawa mahali pengine. Tofauti ilikuwa karibu pikseli 19, upande uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Kijana akadhani amekosea ishara ya kujumlisha na kutoa. Akabadili, ikawa mbaya zaidi. Siku mbili akawa halali vizuri. Nikamwambia, "Acha kugusa programu, soma kwanza faili la kamera neno kwa neno." Nina tabia hiyo kutoka kwenye printa, ambapo nusu ya matatizo jibu lake limo kwenye kile kijitabu ambacho watu hutupa pamoja na boksi.

Limo. Watengenezaji wenyewe wameandika kwamba wakati wa kuanza uliorekodiwa unapaswa kuongezewa milisekunde 61.88, na muda kati ya fremu na fremu uongezewe milisekunde 1. Tukakaa na kalamu. Mizunguko 2 kwa dakika ni digrii 12 kwa sekunde. Milisekunde 62 ni kama robo tatu ya digrii, na pikseli moja ya JunoCam ni digrii 0.0386. Gawanya: 19 na kitu. Zile zile.

Akaiongeza ya kwanza, duara likakaa juu ya picha kama kifuniko juu ya sufuria yake, ila kuelekea fremu za mwisho likateleza taratibu. Ndipo akaongeza ile milisekunde 1. Kwa fremu moja ni theluthi ya pikseli tu, kitu ambacho huwezi kukiona, lakini kwa fremu 14 zinafika pikseli 4, na ukingoni pikseli 4 ni ngazi. Ikatulia. Alipiga kelele mpaka mama anayeuza chapati mlangoni akaja kuuliza kuna nini.

8 Februari

Fupi. Kamera inapima mwanga kwa ngazi 4,096, lakini ili data iwe nyepesi kutuma inazibana ziwe 256 kwa kufuata kipeuo cha pili. Picha iliyobanwa hivyo ina vivuli vilivyoinuliwa na mwanga uliokandamizwa. Ukianza kupima rangi hapo unapima uongo. Tumeifungua irudi kwenye kipimo cha kawaida, kisha kila rangi ikapangwa kwenye tufe lake. Sasa nina Io tatu, buluu, kijani na nyekundu, zinazolala moja juu ya nyingine bila kupishana.

15 Februari

Rangi. Nilikuwa naiogopa siku hii.

Ukiziweka tatu pamoja bila kuzisawazisha, unapata picha yenye rangi ya chai ya maziwa iliyomwagikiwa na manjano. Studio ningeweka kadi ya kijivu karibu na uso wa mteja, nikajua taa zangu zimeegemea wapi. Io haina kadi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa theluji. Uso wa Io una mabaka ya barafu laini ya sulfa dioksidi, na hiyo ni nyeupe. Nikachagua baka moja, nikaamuru kompyuta ilifanye liwe jeupe kabisa, kila kitu kingine kikafuata. Ikatoka Io nzuri sana, safi, kama imeogeshwa. Nikaipenda kwa muda wa saa nzima. Halafu nikagundua nilichofanya: nimeing'arisha. Baka lile lina sulfa iliyochanganyika na lina umanjano wake halali, na mimi nimeuondoa kwa nguvu kwenye mwezi mzima.

Basi nikatafuta kadi nje ya Io. Tarehe 29 Septemba 2022 kamera hii hii ilipiga Europa, mwezi mwingine wa Mshtarii ambao uso wake ni barafu ya maji. Nyanda zake zinazong'aa hazina rangi kali, ingawa nazo si nyeupe kabisa. Nimechakata picha hiyo kwa njia ileile, hatua kwa hatua, nikapima ni kiasi gani cha buluu na nyekundu kinachohitajika ili barafu ile isiegemee popote isipokuwa umanjano mdogo inaojulikana kuwa nao. Namba hizo ndizo nimezileta kwa Io. Kuna wasiwasi mmoja: kati ya siku hizo mbili kamera imeumia na kutibiwa kwa joto, na sina njia ya kupima kama filta zote tatu zimeathirika sawa. Nimeamua kuzikubali namba, kwa sababu nikizilinganisha na picha za rangi za chombo cha Galileo, kilichomzunguka Mshtarii kuanzia Desemba 1995 hadi Septemba 2003, zinaelekea mahali pamoja.

Matokeo si yale watu waliyozoea. Chati iliyoko kwenye ukuta wa shule nyingi ina Io ya rangi ya chungwa kali yenye madoa mekundu. Ile inatokana na picha za Voyager, vyombo viwili vya NASA vilivyopita hapo mwaka 1979. Kamera zao zilikuwa na mirija ya aina ya televisheni, ambayo haikuona vizuri upande wa wekundu, kwa hiyo filta ya rangi ya chungwa ilisimama badala ya nyekundu, kisha tofauti za rangi zikavutwa zionekane. Io hii yangu ni ya manjano iliyofifia, inayoelekea kijani kidogo, kama embe dodo kabla halijaiva vizuri. Kuelekea ncha ya kaskazini, ambako Juno ilipita, inakuwa kahawia yenye wekundu, maana huko sulfa imepigwa na mionzi muda mrefu.

Jioni aliingia dereva wa lori wa Mombasa, anasubiri karatasi zake mpakani Malaba, akaja kupiga picha ya pasipoti. Akaiona kwenye skrini.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ni mwezi, mzee. Si huu wetu. Ni wa Mshtarii."

Akaisogelea. "Na rangi hii ni yake, ama umepaka wewe?"

Hakuna swali ambalo ningependa kuulizwa kuliko hilo. Nikamweleza yote, Europa, theluji, filta, mpaka mteja wa nyuma yake akakohoa. Akasikiliza kwa utulivu kabisa, kisha akasema, "Basi usiongeze kitu."

22 Februari

Juma la kuogopa na kutulia.

Nilikuwa nanoa picha, yaani kukaza mipaka ya vitu vidogo ili milima na makorongo yasimame. Nikafika kwenye ukingo wa mchana, nikaona juu ya ukingo, nje ya mwezi, utepe mwembamba unaong'aa umejipinda. Moyo ulinienda mbio. Io ni mahali penye shughuli nyingi za volkano kuliko popote kwenye mfumo wa jua, na volkano zake zinarusha mawingu juu mamia ya kilomita.

Nikamkumbuka Linda Morabito. Mwezi Machi 1979 alikuwa mhandisi wa uongozaji wa Voyager 1, akitazama picha ya Io iliyopigwa tarehe 8 ili kuipata nyota hafifu ya kusahihishia njia ya chombo. Akaongeza mwanga wa picha ili nyota ionekane, na badala yake akaona mwezi mwandamo mkubwa wa ukungu umetokeza nyuma ya ukingo. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kuiona volkano hai mahali pengine nje ya Dunia. Volkano hiyo, iliyopewa jina Pele, ilirusha vumbi lake zaidi ya kilomita 250 juu. Na yeye hakuruka akatangaza. Pamoja na wenzake waliondoa kila sababu nyingine, kasoro ya kamera, mwezi mwingine uliojificha nyuma, mpaka ikabaki moja.

Nikafanya hivyo hivyo kwa kiwango changu. Nilifungua faili la kabla ya kunoa, pikseli zilezile, nikalikuza mara 8. Pale penye utepe palikuwa peusi tupu. Nikatazama buluu peke yake, kwa sababu vumbi laini la volkano hutawanya buluu vizuri. Peusi. Kijani, peusi. Kisha nikanoa tena kwa nguvu nusu, na utepe ukarudi ukiwa nusu. Ni kivuli cha zana: ukinoa mahali ambapo mwanga mkali unapakana na giza, programu inaongeza mwanga upande mmoja na giza upande wa pili. Kwenye picha za pasipoti nimeuona utepe huo mara elfu kwenye bega la shati jeupe.

Nimepunguza kunoa mpaka utepe umekwisha, ingawa milima imepoteza ukali wake kidogo. Pengine nimepunguza mno. Lakini mtu akiitazama picha hii ukutani asije akaona volkano niliyoitengeneza mimi.

Nikatoka nje kupunga hewa. Mwamba wa Tororo ulikuwa umesimama na mwezi wetu kando yake. Wageni hudhani ni kilima tu. Ni kiini cha volkano iliyokufa zamani sana, na chokaa yake ndiyo iliyoleta kiwanda cha saruji hapa mjini. Nimeishi chini yake maisha yangu yote, na kusema kweli sikuwahi kuutazama kwa makini kabla ya kuanza kazi hii.

1 Machi

Zimebaki chenga. Nukta nyeupe zimetapakaa kila mahali, ndogo, za pikseli moja au mbili, zilizoachwa na chembe za mionzi. Njia ya mkato ni kulainisha picha nzima, na ingeondoka nazo. Sikuitaka. Mpwa ameandika sheria: pikseli ikizidi jirani zake wote kwa kiwango fulani, na iwe imezidi kwenye rangi moja tu, basi ni mionzi, ichukue thamani ya kati ya majirani. Ikizidi kwenye rangi zote tatu inaachwa, maana chembe haiwezi kupiga sehemu tatu tofauti za kihisi kwa ajili ya nukta moja ya ardhi.

Halafu upande wa usiku. Hapa ndipo nimepata furaha ambayo sikuitarajia. Zaidi ya mpaka wa mchana na usiku niliacha weusi, nikidhani hakuna kitu. Kijana akauvuta mwanga mara 10, na Io ikaendelea! Mabonde, mabaka ya giza, ukingo wa pili. Jua halifiki huko. Ni mwanga uliogonga Mshtarii kwanza, ukarudi ukaangukia Io, kama vile mbalamwezi inavyotuangazia sisi, ila chanzo chake kinaijaza sehemu kubwa ya anga. Karibu na mpaka milima inatupa vivuli virefu. Mrefu kuliko yote Io unapita kilomita 17; Elgon wetu, unaoonekana kutoka hapa asubuhi kukiwa kweupe, una mita 4,321.

Swali likazuka: niuache usiku katika giza lake, au niuonyeshe? Jicho pale dirishani lingehitaji muda kuzoea giza, na mchana ule wa pembeni ungelizuia. Tumebishana na kijana jioni nzima. Yeye anasema, "Mjomba, data ipo, kuificha nako ni kudanganya." Nimekubali, kwa sharti kwamba iandikwe.

8 Machi

Kuprinti. Karatasi ya A3 isiyong'aa, kwa sababu yenye kung'aa ingeakisi taa za studio.

Ya kwanza ilitoka Io imekuwa ya waridi. Kwenye skrini ni manjano, kwenye karatasi waridi. Nikabadili katriji ya manjano, ileile. Nikasafisha vichwa vya printa, ileile. Nilikaa mpaka saa sita usiku ndipo nikaona: kwenye mipangilio ya printa kuna kiboreshaji cha ngozi, nilichokiwasha mwenyewe miaka mingi iliyopita na kukisahau. Kilikuwa kinaitafuta ngozi ndani ya sulfa ya Io na kuipa wekundu wa shavuni. Nimekizima. Na nimekizima kwa wateja pia, anayetaka atakiomba.

Ya pili ilikuwa nzito kwenye weusi. Ya tatu ndiyo hii.

9 Machi

Imetundikwa. Kalenda imehamia nyuma ya mlango. Chini yake nimeandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa ili asomaye kutoka kwenye stuli aone:

"Io, mwezi wa Mshtarii. Chombo: Juno, 30 Desemba 2023. Data: NASA, JPL-Caltech, SwRI, MSSS. Rangi ya mchana: kama jicho lingeona, imepimwa kwa barafu ya Europa. Upande wa usiku: mwanga umeongezwa mara 10. Nukta za mionzi zimeondolewa. Imechakatwa Tororo."

Kijana ameongeza majina yetu wawili pembeni, lake la kwanza. Ndivyo inavyostahili. Usiku huu bando likianza tunapakua faili la 3 Februari 2024.